Mchezo Usio na Mwandishi Mmoja

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike somo juu ya kuunda mchezo wa kuigiza, ati kwa sababu mimi ni mtu wa drama. Nilikubali, lakini nataka kusema ukweli mapema. Sehemu yangu kubwa katika mchezo wetu wa mwaka huu ilikuwa kuwa miguu ya mbele ya ndovu. Na hata miguu hiyo baadaye ilikatwa. Jinsi ilivyokatwa, na kwa nini ilikuwa haki ikatwe, ndilo somo lenyewe.

I. KUUNDA MCHEZO KWA PAMOJA NI NINI?

Sote tunasoma tamthilia darasani. Tamthilia huwa na jina la mwandishi kwenye jalada, nasi huchambua maudhui, wahusika na mbinu zake. Tumezoea hivyo mpaka tunadhani mchezo hauwezi kuzaliwa ila mtu mmoja ajifungie chumbani na kalamu. Shule nyingi zikitaka kwenda kwenye tamasha la drama hufanya vivyo hivyo: mwalimu anaandika, au anatafutwa mwandishi wa kutoka nje, kisha wanafunzi wanapewa karatasi wakariri. Njia hiyo si mbaya. Michezo mizuri sana imetoka huko.

Lakini kuna njia nyingine. Kundi la watu huanza bila karatasi yoyote. Wanakaa, wanasimuliana, wanajaribu kwa miili yao, wanakosea, wanabishana, na maneno yanaandikwa mwishoni badala ya mwanzoni. Mchezo ukikamilika huwezi kusema huu ni wa fulani. Sentensi hii aliitoa huyu, wimbo ule aliuleta yule, na ile sehemu inayowanyamazisha watu ilipatikana kwa bahati siku ambayo nusu ya waigizaji walikuwa hawajafika.

Jihadharini hapa, wenzangu. Kuunda kwa pamoja hakumaanishi kila mtu aseme lake kwa sauti. Hilo ni soko. Kuunda kwa pamoja maana yake ni kwamba kila mtu ana haki ya kuleta, kila mtu ana wajibu wa kusikiliza, na kila mtu anakubali kwamba alicholeta kinaweza kukatwa. Hilo la mwisho ndilo gumu.

II. NJIA HII SI NGENI

Tamasha la drama la shule zetu nchini Kenya lilianza mwaka wa 1959, wakati wa ukoloni, na katika miaka ile ya mwanzo Kiingereza ndicho kilichotawala jukwaa. Leo tunaigiza kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa ya mtu, lakini njia ya kufika hapa haikuwa rahisi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kamirithu, kijiji kilicho karibu na Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitunga mchezo kwa Kikuyu uitwao Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Hawakuwapa watu karatasi wakariri tu. Rasimu ilisomwa mbele ya wanakijiji, wakulima na wafanyakazi, nao wakaikosoa: mzee hasemi namna hii, wimbo huu hauimbwi namna hii, kazi ya kiwandani haiendi namna hii. Wanakijiji hao hao walijenga jukwaa la wazi lenye nafasi ya watazamaji wapatao 2000. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mwaka huo kibali kikaondolewa, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978. Mwaka wa 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mwandishi huyo alifariki mwezi wa Mei 2025 huko Marekani, lakini habari ya Kamirithu bado inasimuliwa.

Niliposikia habari hii kwa mara ya kwanza nilishangaa. Kwani mchezo wa wanakijiji unaweza kumtisha nani? Sasa nadhani nimeelewa kidogo. Mtu akisomewa habari za maisha yake na kupewa ruhusa ya kusema "si hivyo," huwa hanyamazi tena kwa urahisi. Shikeni neno hilo "si hivyo," kwa sababu litarudi.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania, tamthilia ya Harakati za Ukombozi iliyochapishwa mwaka wa 1982 ina majina matatu: Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Watu watatu, kazi moja. Naye Augusto Boal wa Brazil, kuanzia miaka ya 1970, alifundisha watu wa kawaida kutunga michezo kwa kutumia miili yao kwanza na maneno baadaye, na hata kumruhusu mtazamaji kusimama aingie jukwaani abadilishe mambo. Kwa hiyo mtu akikuambia mchezo bila mwandishi mmoja ni fujo, mwambie kwa heshima akasome kwanza.

III. HATUA TULIZOFUATA

Shule yetu ni ya kutwa. Wenzetu wa bweni wanaweza kufanya mazoezi hata baada ya chakula cha jioni. Sisi saa kumi na moja na nusu lazima kila mtu awe njiani, kwa maana zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta ni mbuga za Tsavo, na ndovu hajui mpaka uko wapi. Jua likizama, barabara ni yake. Basi tulikuwa na saa moja na nusu kwa siku, siku 3 kwa wiki, chini ya mwembe ulio nyuma ya stoo ya majembe, kwa sababu bwalo hatuna. Tulikuwa watu 16. Hizi ndizo hatua zetu.

Hatua ya 1: Duara. Simameni kwenye duara. Duara halina mbele wala nyuma, kwa hiyo hakuna wa kujificha wala wa kujionyesha. Sisi tulianza kwa kutumiana kofi: mmoja anapiga kofi huku akimwangalia mwenzake, na huyo analipokea na kumtumia mwingine bila kuchelewa. Unaonekana mchezo wa watoto, nami siku ya kwanza niliona haya, hasa wachezaji wa kandanda walipopita wakitucheka. Lakini kofi hufundisha kusikiliza kwa macho. Asiyeweza kupokea kofi hawezi kupokea sentensi.

Hatua ya 2: Swali moja. Msianze kwa kuuliza, "Mchezo wetu uhusu nini?" Mkiuliza hivyo mtapata majibu ya insha: dawa za kulevya, ufisadi, mimba za mapema. Hayo ni mambo ya kweli, lakini tunayasema kama bango la barabarani. Ulizeni swali ambalo kila mtu ana jibu lake kutoka nyumbani. Mwalimu mlezi wa chama alituuliza hivi: "Ni usiku upi ambao kwenu hakuna aliyelala?"

Mmoja alisimulia usiku mdogo wake alipozaliwa. Mwingine, usiku upepo ulipong'oa mabati. Mwingine, usiku wa kungojea matokeo ya mtihani ya kaka yake. Kisha dada mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alisimulia usiku ndovu walipoingia shambani kwao mahindi yakiwa yamekaribia kuvunwa. Baba yake alitoka na tochi na debe. Kulipokucha shamba lilikuwa limelala chini na baba yake alikuwa hospitalini. Mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Alisema hayo kwa sentensi chache, akaketi. Tulinyamaza wote. Halafu mmoja wetu akasema, "Huu ndio mchezo!" na tukapiga makofi. Tulipiga makofi, wasomaji, kana kwamba ametuletea zawadi. Nitayarudia makofi hayo.

Hatua ya 3: Picha tuli. Hii ndiyo njia ya Boal. Gawanyikeni watu wanne wanne. Kila kundi litengeneze picha kwa miili, bila neno na bila kutikisika, huku wengine wakihesabu mpaka 10. Sisi tulitengeneza picha tatu: familia kabla ya usiku ule, usiku wenyewe, na asubuhi yake. Wanaotazama waseme wanachokiona, wasiseme walichotarajia kuona. Katika picha ya asubuhi, aliyekuwa Mama alikuwa amempa Baba mgongo. Hakupanga, ilitokea tu. Mtu akauliza, "Kwani huyu Mama amemkasirikia Baba?" Swali hilo dogo ndilo lililotupa mgogoro wa mchezo mzima: Mama anataka wahamie Mombasa kwa dada yake, Baba anasema hawezi kuacha shamba la marehemu babake. Tungekaa mezani na kalamu tusingeupata.

Hatua ya 4: Kubuni papo hapo. Sasa ruhusuni maneno. Kila mwigizaji aingie akiwa na jambo moja analolitaka, na kuwe na mtu au kitu cha kumzuia. Kanuni ni moja: usiue alichokuletea mwenzako. Akisema, "Mama, moto umezimika," usimjibu, "Hapa hakuna moto." Pokea, kisha ongeza: "Utakosaje kuzimika na wewe ulienda kucheza?" Hapo mchezo unatembea.

Hatua ya 5: Daftari la zamu. Kila siku mtu mmoja huketi pembeni na kuandika yanayosemwa, jinsi yanavyosemwa. Siku ya zamu yangu niliandika: "Ewe mume wangu mpendwa, masaibu haya yamenifika kooni." Yule aliyekuwa Mama akachungulia daftari akanikatiza. "Wee, mimi sikusema hivyo. Nilisema, Baba watoto, mimi nimechoka." Nilifuta. Kiswahili cha insha kina mahali pake, nami nakipenda, lakini jukwaani mama aliyechoka husema kama mama aliyechoka.

Hatua ya 6: Kupanga na kukata. Andikeni jina la kila onyesho kwenye kikaratasi, mvipange chini na kuvilalia kwa mawe, kisha mtembee kandokando mkivisoma. Sisi tulikuwa na maonyesho 11. Tulibakiza 7. Onyesho la chifu aliyepanda pikipiki ya kuwaziwa lilikuwa la kuchekesha sana, na aliyelibuni alikataa kuongea nasi siku mbili. Lakini ukilitoa, hadithi ilisonga vilevile. Hiyo ndiyo mizani: ukitoa kitu na hadithi isitikisike, kitu hicho kilikuwa pambo.

IV. KOSA LETU

Sasa nafika kwenye miguu yangu.

Tulikuwa na tatizo la jukwaani: ndovu ataingiaje? Tulishona magunia manne pamoja, tukatafuta kipande cha mpira wa kumwagilia maji kikawa mkonga, na tukachaguliwa wawili. Mimi mbele, rafiki yangu nyuma. Tuliingia tukinguruma na kukanyaga ardhi kwa vishindo. Aliyekuwa Baba akatupa tochi, akakimbia, akajikwaa, suruali ikashuka. Kila tulipofanya mazoezi tulicheka mpaka machozi. Kumbe tulikuwa tunasogea mbali na hadithi hatua moja kila siku, bila kujua.

Ijumaa moja tuliwaonyesha wanafunzi wenzetu, ili tupime. Walicheka mpaka wakaanguliana madawatini. Mimi nilikuwa ndani ya gunia, sikuona kitu. Nilisikia kicheko tu, na nikakipenda. Nilipotoa kichwa, yule dada hakuwepo. Jumatatu hakuja mazoezini. Jumatano pia hakuja.

Hapo chama kiligawanyika. Baadhi yetu walisema hadithi aliileta mwenyewe kwenye duara, na mtu akishatoa gunia la mahindi kwenye harambee hawezi kurudi kulidai. Wengine wakasema mahindi na baba si kitu kimoja. Walioshika upande wa kwanza hawakuwa wabaya. Zilikuwa zimebaki wiki mbili twende kwenye tamasha, na kitu pekee tulichokuwa na uhakika nacho ni kwamba watu walikuwa wamecheka. Nami, niseme ukweli, nilikuwa upande wao. Nani anapenda miguu yake ikatwe?

Mwalimu mlezi hakutugombeza. Alituuliza tu, "Huyo mnayemcheka, saa hii yuko wapi?"

Tukasema, "Nyumbani, Mwalimu."

"Anafanya nini?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumemwigiza mtu kwa wiki tano na hakuna aliyejua hata anavyoshinda mchana.

Iliamuliwa kwamba ndovu mwenyewe aende akaombe radhi. Basi tukaenda, miguu ya mbele na miguu ya nyuma, wakati wa mapumziko, tukamkuta kwenye mfereji akisuuza kikombe.

"Dada, tumekuja kuomba radhi," nikasema. "Hatukukusudia kumcheka mzee."

Hakuinua macho. "Si kucheka. Hata kwetu siku nyingine tunacheka. Baba mwenyewe anachekesha. Nimeudhika kwa sababu mlidanganya."

"Tulidanganya nini?"

"Nyinyi mmekuja mkipiga vishindo kama lori. Ndovu haji hivyo. Ndovu hasikiki. Kelele zilikuwa zetu sisi. Tulipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi, halafu Baba akasema tunyamaze tusikilize kama wameenda. Tukanyamaza. Hapo kwenye kimya ndipo alipokuwa."

Akamimina maji ya kikombe chini, akaenda darasani. Mimi na mwenzangu tulibaki pale mferejini mpaka kengele ikalia.

V. NDOVU ASIYEONEKANA

Alirudi wiki iliyofuata, lakini kwa masharti matatu. Nayaandika hapa kwa sababu naamini kila kundi linalounda mchezo kutokana na maisha ya mtu lingefaa kuwa nayo.

Sharti la kwanza: Baba wa mchezo asifanywe mjinga, wala asifanywe shujaa. Alitoka na debe kwa sababu mahindi yalikuwa yake, basi.

Sharti la pili: mambo yabadilishwe kiasi kwamba mtu wa kijijini kwao akitazama asiweze kunyosha kidole. Idadi ya watoto tukaibadilisha, mlima tukauondoa, na shangazi ambaye hakuwepo tukamweka.

Sharti la tatu: yeye hataigiza. Ataketi mbele yetu kila siku ya mazoezi, na wakati wowote ana ruhusa ya kusema, "Si hivyo."

Tulipiga kura. Mikono 16 ikainuka, na mmoja ulikuwa wangu. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, lakini wakati mwingine mkono mmoja ndio unaochelewesha wote, nami sikutaka uwe huo.

Onyesho jipya likawa hivi. Waigizaji sita wanasimama mstari mmoja wakiwaelekea watazamaji, kila mmoja na debe lake. Wanapiga, wanapaza sauti, wanapiga tena, mpaka mtazamaji anatamani waache. Baba anainua mkono. Wote wananyamaza kwa pamoja. Macho yao yanatafuta mbele, juu ya vichwa vya watu. Moyoni tunahesabu mpaka 12. Hakuna kinachoingia. Halafu debe linamponyoka Mama mkononi na kuanguka chini. Onyesho limekwisha.

Hakuna gunia, hakuna mkonga, hakuna miguu. Tuliwaonyesha tena wanafunzi wenzetu, wale wale wa Ijumaa ile. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa safu ya katikati aligeuka kutazama nyuma yake.

Msidhani tuliondoa kicheko chote. Asubuhi, majirani wanabishana ni debe la nani lililolia kwa nguvu zaidi, na hapo watu hucheka vizuri. Tofauti ni kwamba sasa wanacheka pamoja na wenye shamba.

Mwisho wa mchezo ulitugombanisha siku nzima. Wengine walitaka ndovu auawe. Wengine walitaka aje mheshimiwa na hundi, mambo yaishe. Mmoja akakumbusha kwamba huko Sagalla, karibu na Voi, kuna wakulima waliozungusha mizinga ya nyuki kwenye ua wa mashamba, kwa sababu ndovu huogopa nyuki, na tena asali inauzwa. Tulilipenda wazo hilo. Yule dada akasema, "Ni vizuri, lakini mzinga haumrudishii mtu mguu." Kwa hiyo tulimaliza hivi: Mama anapima kwa hatua mahali mizinga itakapokaa, Baba anahesabu mbegu kwenye kiganja, na hakuna anayesema kama watabaki au watahama. Wapo waliosema mwisho huo haujakamilika. Mimi naona maisha yao pia hayajakamilika.

VI. ALIYEKETI NYUMA

Kwenye tamasha tulishika nafasi ya tatu, na walioendelea mbele walikuwa wawili. Waamuzi walisema sauti zetu zilikuwa chini. Tulirudi kwa matatu tukiimba, lakini si sana.

Siku ya wazazi mwishoni mwa muhula tuliigiza tena chini ya mwembe. Safu ya mwisho aliketi mzee mmoja mwenye mkongojo. Hatukuambiwa ni nani, wala haikuhitajika. Wakati wa kimya nilihesabu mpaka 12 kwa shida, maana nilikuwa sasa mmoja wa wapiga debe, na nilikuwa namwangalia yeye.

Tulipomaliza alituita. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akauliza, "Anayepiga debe la katikati ni nani?"

Nikainua mkono. Nilidhani nimekosea tena.

"Unapiga kwa nguvu sana, mwanangu. Saa zile ilikuwa saa tisa ya usiku. Tulikuwa tumepiga tangu saa nne. Mikono ilishakufa. Pigeni kama watu waliochoka." Akachukua mkongojo wake akagonga benchi. Mara moja. Akangoja. Mara moja tena. "Namna hiyo." Halafu akauliza kama chai ya wazazi bado ipo.

Wenzangu, hapo ndipo nilipoielewa Kamirithu. Mwenye maisha alitazama maisha yake yakiigizwa, akasema "si hivyo," na akatuonyesha ilivyokuwa. Hakuna mwamuzi aliyetupa maoni ya maana kama hayo. Tangu siku hiyo tunapiga polepole, na kimya kinachofuata kimekuwa kirefu zaidi ingawa bado tunahesabu 12 ile ile.

Na yale makofi ya siku ya kwanza? Siku hizi mtu akisimulia jambo lake kwenye duara hatupigi makofi. Tunamuuliza kwanza, "Je, hili unataka tulitumie?" Akisema hapana, linabaki kwenye duara, hata kama lingetufikisha kwenye mashindano ya kitaifa.

ZOEZI

Yafuatayo ni maswali ya kujadili katika kikao cha chama. Msiyajibu kwa kuandika tu, yajaribuni kwa miili.

1. Kila mmoja asimulie, kwa sentensi zisizozidi tano, usiku ambao kwao hakuna aliyelala. Ni nani angependa hadithi yake itumiwe, na kwa masharti gani?
2. Chagueni hadithi moja iliyoruhusiwa. Tengenezeni picha tuli tatu: kabla, wakati, na baada. Watazamaji waliona nini ambacho nyinyi hamkukipanga?
3. Tajeni kitu kikubwa kisichoweza kuletwa jukwaani, kama vile mafuriko, moto au ndovu. Mtakionyeshaje bila kukileta?
4. "Mtu akishatoa hadithi yake kwa kundi, si yake tena." Jadilini, nusu yenu mkiunga mkono na nusu mkipinga, kisha mbadilishane pande.

Kabla sijaweka kalamu chini, niwakumbushe kwamba wadogo zetu walioanza Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026 wanaweza, katika mkondo wa sanaa na spoti, kusoma maigizo na filamu kama somo kamili. Sisi tuna mwembe na saa moja na nusu tu, na tumefaidika kiasi hiki. Wao wenye somo wasiseme wamekosa nafasi. Wakianza na duara na wakamwacha mwenye hadithi aseme "si hivyo," watatupita mbali, nasi tutafurahi.

Ikiwa nimekosea mahali popote, walimu wangu mnirekebishe, maana ndivyo nilivyofundishwa na mchezo huu. Natia nanga hapa. Kiswahili kitukuzwe!